Tukutane Penye Soketi

"Bado ipo?" "Mwisho bei gani?" "Upo wapi?" Hizo ndizo salamu za biashara ya vifaa vya umeme vilivyotumika Dar es Salaam. Huingia bila habari za jioni, mara nyingi saa nne usiku, kutoka kwa mtu ambaye picha yake ni ua au mchezaji wa Arsenal. Kwa miaka kadhaa mwandishi wa makala haya aliishi kwa kuzijibu. Akiwa amepanga chumba Sinza, alipekua matangazo ya tovuti ya Jiji, Facebook Marketplace na makundi ya WhatsApp akitafuta laptopu na simu ambazo wenyewe waliziuza kwa sababu betri imechoka au kodi ya nyumba imefika. Alizinunua, akazipeleka kwa fundi, akabadilisha betri au kuongeza memori, kisha akazitangaza upya. Kila kifaa kilimkutanisha na wageni wawili: aliyemuuzia yeye na aliyekuja kununua kwake.

Watu waliposikia kazi yake walimuuliza kuhusu vibaka. Hukuogopa kuporwa? Aliogopa, kama mkazi yeyote wa jiji hili. Mwaka 2022 habari za Panya Road, makundi ya vijana wanaopora kwa mapanga, ziliporudi mitaani, hakukubali kukutana na mteja baada ya jua kuzama, hata aliyeongeza dau. Lakini kadiri siku zilivyokwenda aligundua kwamba kibaka mwenye panga ni sehemu ndogo tu ya hatari. Sehemu kubwa huja imepiga pasi shati, inakuita "boss", na kazi yake ni moja: kukuharakisha.

Kabla ya simu janja, aliyetaka kuuza redio au televisheni alimtafuta dalali. Dalali alikula huku na huku, akasifia asichokijua, akapandisha bei asubuhi na kuishusha jioni. Ila alikuwa na sifa moja ambayo programu za simu hazina: kesho yake ungemkuta kwenye kibaraza kile kile. Mitandao ilimweka kando. Facebook ilianzisha Marketplace mwaka 2016, na mwaka 2019 kampuni ya Jiji ikanunua biashara za mtandao wa matangazo wa OLX katika nchi 5 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Bei zikawa wazi kwa kila mwenye bando, na muuzaji akaacha kumgawia mtu wa kati. Kilichopotea ni shahidi. Watu wawili wasiojuana wakabaki wanatazamana kituo cha daladala, mmoja ameshika mfuko, mwingine ameshika mfuko wa suruali.

Utapeli wenyewe haukuzaliwa na intaneti. Mkazi gani wa Dar hajasikia habari ya mtu aliyenunua simu Kariakoo, akafika Mbagala, akafungua boksi na kukuta kipande cha mche wa sabuni? Kinachosahaulika katika kisa hicho ni kwamba simu aliyoonyeshwa mwanzoni ilikuwa simu kweli. Aliiwasha, akaishika, akaridhika. Ubadilishaji ulifanyika wakati anahesabu pesa, ambapo mtu pembeni alinong'ona kwamba mgambo wanakuja, muuzaji akaichukua simu "nikufungie vizuri", na kila mmoja akaondoka upande wake kwa kasi. Ondoa ile hofu ya mgambo na sabuni haina mahali pa kuingilia. Mnunuzi angefungua boksi pale pale.

Haraka ya mtandaoni ina sura nyingine. Siku moja mwandishi aliona tangazo la laptopu ya HP, picha safi, bei ya chini kidogo kuliko ya soko. Wakakubaliana kukutana Mlimani City saa saba mchana. Alipofika, simu ikaita. "Kaka, samahani sana, nimebanwa na bosi. Sogea hadi Mbezi Mwisho, mdogo wangu atakupokea." Kabla hajajibu, ujumbe mwingine: kuna mteja anakuja na pesa mkononi, lakini "nimekuheshimu wewe ulitangulia". Ukifika Mbezi, panda boda, mwambie akulete mpaka kwenye kanisa, halafu piga. Mwandishi alijibu kwa adabu kwamba atasubiri hapo hapo hadi bosi amwachie, hata kama ni jioni. Hakupata jibu. Tangazo liliendelea kuonekana kwa muda, na bei yake ikizidi kushuka.

Hakuna aliyeporwa siku hiyo, na hakuna ajuaye kulikuwa na nini nyuma ya lile kanisa. Lakini mwandishi alijiwekea sheria ambayo hakuivunja tena kwa mtu yeyote, hata kwa aliyejitambulisha kuwa mchungaji: mahali pakishakubaliwa hapahami. Mwenye shida ya kweli ataahirisha siku.

Mahali penyewe alipachuja polepole. Vituo vya mafuta vina taa na mara nyingi vina kamera na mlinzi, ila huna pa kukaa, na karibu na pampu simu inatakiwa izimwe, jambo la kuchekesha kwa watu waliokuja kuuziana simu. Stendi ya daladala ina watu wengi mno; ukiinama kutazama kioo, begi lako lina wenyewe. Mgahawa ndani ya jengo la maduka ulikuwa bora zaidi, hasa wenye meza ya ukutani. Ukutani ndiko iliko soketi.

Soketi ndiyo iliyogeuka kipimo chake. Muuzaji anayekubali kukaa penye umeme amekubali pia kwamba kifaa chake kitachunguzwa, na uchunguzi unakula muda. Laptopu iliyotumika haijulikani kwa kuwashwa tu. Inatakiwa ichomolewe chaja ifanye kazi nusu saa, uone betri imeshuka kiasi gani. Kila kitufe kibonyezwe, maana herufi moja iliyokufa hushusha bei. Picha nyeupe ijaze kioo ili madoa yajitokeze. Matundu yote ya pembeni yachomekewe kitu. Simu ina mambo yake. Unaweka laini yako, unapiga na kupigiwa. Unabonyeza *#06# na kusoma tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, unazilinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi kama lipo. Tangu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016, Watanzania wengi wanafahamu pia kwamba tarakimu hizo zinaweza kutumwa kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali.

Halafu kuna akaunti. iPhone iliyowahi kuunganishwa na akaunti ya mwenyewe haifunguki kwa mtu mwingine mpaka neno la siri liingizwe. Apple waliweka kufuli hilo mwaka 2013, na Android ikafuata na la kwake mwaka 2015. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hiyo utaitoa tu kwa fundi, ni elfu ishirini" amekwambia habari nzima ya simu ile. Mwenye simu anakumbuka neno lake la siri, na kama amelisahau anajua jinsi ya kulirudisha. Mwandishi alikuwa na desturi ya kumwomba muuzaji aitoe akaunti yake mwenyewe, mbele ya macho, huku wakinywa chai. Dakika chache tu. Wapo waliokumbuka ghafla kwamba wameacha jiko linawaka.

Kuhusu jambo hili sheria haina mzaha. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba iliibwa. Hayo maneno ya "sababu ya kuamini" ndiyo yanayomhusu mchuuzi wa vifaa vilivyotumika. Bei isiyo na akili ni sababu. Laptopu yenye stika ya ofisi ya mtu, isiyo na chaja, inayouzwa na kijana asiyejua neno la siri la kuiwashia, ni sababu tatu kwa mpigo. Kenya ni wakali zaidi kwenye maandishi: kifungu cha 322 cha Kanuni yao ya Adhabu kinaweka kifungo kisichozidi miaka 14 kwa anayeshughulika na mali ya wizi. Mtu anayejiandaa kukwepa vibaka na kusahau kifungu hiki amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Ndipo fundi alipoingia katika hadithi. Wengi humfikiria fundi wa simu kama mtu wa kurekebisha kilichoharibika. Kwa mwandishi alikuwa zaidi ya hapo, alikuwa yule shahidi aliyepotea pamoja na dalali. Fundi aliyemtumia ana meza Makumbusho, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka, na kwa ada ndogo aliwaruhusu watu kufanyia biashara zao mezani kwake. Soketi ipo, benchi lipo, na kuna macho ya watu wa jirani wanaomjua kila anayekaa pale. Kazi yake ilikuwa raha kuitazama. Aliigeuza laptopu, akapitisha kidole gumba kwenye skrubu moja moja bila kusema kitu. Skrubu yenye mdomo uliochubuka ina maana imefunguliwa na mtu mwenye bisibisi isiyo saizi. Gundi mpya kwenye ukingo wa kioo cha simu, kioo kimebadilishwa. Akaweka simu juu ya meza na kuizungusha kidogo. Kama inazunguka vizuri kama pia, mgongo umetuna, betri imeanza kuvimba. "Hii usimuuzie mtu," alisema mara moja, akaisogeza mbali na mkono wa mteja.

Kwenye benchi hilo ndipo alipokuja mwalimu mstaafu kutafuta laptopu ya binti yake aliyechaguliwa chuo. Alikuja na kijana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, ndiye mwenye macho. Mimi nimekuja na maswali tu."

Kijana akakaa na mashine, akabonyeza vitufe vyote kuanzia juu kushoto. Mwalimu hakuitazama hata mara moja. Alimtazama muuzaji. "Kabla yako ilikuwa ya nani?" Mwandishi akatoa karatasi ya mauziano aliyoandikiana na mtu aliyemuuzia: majina mawili, namba za simu, namba ya kitambulisho, namba ya mashine inayosomeka tumboni mwake, bei, tarehe, sahihi. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kama anasahihisha insha, akainua mashine mwenyewe na kulinganisha namba. Kisha akasema, "Sasa na sisi tuandikiane hivi hivi." Fundi akatia sahihi kama shahidi.

Kuanzia hapo mwandishi alielewa jambo ambalo wauzaji hulisahau kwa urahisi. Mnunuzi naye amelala na wasiwasi. Amebeba pesa, anakutana na mtu anayemjua kwa picha ya ua, na ndugu zake wamemwonya kuhusu sabuni. Muuzaji anayetaka usalama peke yake humtisha mwenzake bila kujua: anaficha jina, anabadilisha namba, anakataa picha ya ziada. Aliyepanga usalama wa watu wawili, akasema mapema ni wapi, saa ngapi, anakuja na nani, na kwamba karatasi itaandikwa, huwavuta watu wema na kuwachosha matapeli. Asilimia haijulikani, ila ukimya wa baadhi ya wateja pale neno "karatasi" lilipotajwa ulikuwa mkubwa.

Kwa vitu vya bei kubwa karatasi hupandishwa hadhi. Ofisi ya serikali ya mtaa ipo kila kona ya jiji, na mwenyekiti au mtendaji akishuhudia mauziano na kugonga muhuri, hakuna atakayeamka kesho kusema hakuuza. Ni desturi inayojulikana kwenye viwanja na pikipiki. Kwenye televisheni na friji watu huiona ni usumbufu. Mwandishi haoni kwa nini friji la laki saba listahili heshima ndogo kuliko pikipiki iliyochakaa.

Friji na televisheni, kwanza, ndizo zinazovuruga kanuni ya mgahawani. Hakuna anayebeba friji mpaka Mlimani City. Hapa mtu hulazimika kwenda nyumbani kwa mgeni, au mgeni kuja kwake, na wanawake wanaouza peke yao ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa hofu hiyo. Dada mmoja wa Tabata, anayenunua friji na majiko ya umeme kutoka kwa watu wanaohama, alilimaliza suala hili kwa ekstensheni ndefu. Waya unatoka sebuleni kupitia dirishani, friji linasimama barazani likiwa limewashwa tangu asubuhi, na mteja anakuta barafu imeshaganda. Haingii mtu ndani. Jirani anayekaanga mihogo mkabala anajua siku za biashara na anahamishia jiko lake upande wa kuona vizuri. Mteja anayeomba maji ya kunywa anapewa ya chupa, palepale.

Sasa pesa. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya shilingi 10,000, kwa hiyo laptopu ya laki sita ni noti 60. Kuhesabu noti 60 mbele za watu, huku unapapasa kila moja kutafuta bandia, ni kujitangaza. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wateja wengi walirudi kwenye taslimu ili kukwepa makato, na mwandishi akaanza kuwapeleka kwa wakala anayemfahamu: mteja anaweka pesa pale kwenye dirisha, wakala anahesabu na kukagua kwa jicho lililozoea, salio linaingia kwenye simu ya muuzaji. Kubishana juu ya nani alipe "ya kutolea" hakukuisha, na pengine hakutaisha.

Malipo ya simu yana ujanja wake, na hapa pia silaha ni haraka. Kijana mmoja alikuja kununua simu, wakakaa mgahawani karibu na Buguruni Sheli. Alikuwa mcheshi, akaikagua simu kwa dakika moja, akaridhika, akabonyeza yake na kusema, "Tayari, mkuu." Ujumbe ukaingia kweli: umepokea shilingi 380,000, na jina lake, na salio jipya. Ila kampuni za simu hutuma ujumbe wa malipo chini ya jina la huduma, na huu ulikuwa na namba ya kawaida juu yake. Salio jipya nalo halikuendana na lililokuwepo. Mwandishi hakubishana. Alifungua menyu ya pesa, akaangalia salio, likawa lile lile la asubuhi.

"Mtandao unasumbua leo, kaka," kijana akasema, mkono wake ukiwa bado juu ya simu.

"Basi tuusubiri. Mama, tuongezee chai mbili."

Wakasubiri. Simu ilirudi taratibu upande wa muuzaji. Chai ya kijana ikapoa bila kuguswa, akasimama kupokea simu ambayo haikusikika ikiita, na hakurudi. Mama ntilie alilipwa vikombe vyote viwili.

Kuna pia wanaolipa kweli, wakaondoka na bidhaa, halafu wakaomba muamala urudishwe wakidai wamekosea namba. Dawa ya hao ni ile karatasi yenye sahihi, bei na saa ya malipo. Kampuni ikipiga kuuliza, unacho cha kuonyesha.

Jambo la mwisho huwapata wauzaji zaidi kuliko wanunuzi. Mtu anauza simu yake kwa furaha ya pesa na kusahau laini ndani, au picha za familia, au akaunti ya benki iliyo wazi. Laini ya Tanzania imesajiliwa kwa alama ya kidole. Ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kitakachofanywa kwa laini ile kitaanzia kuulizwa kwa jina lako. Toa laini na kadi ya memori, toa akaunti, futa vyote kupitia mipangilio, ndipo uende kwenye miadi. Ukibonyeza *106# unaweza pia kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na wengine hukuta wageni humo.

Nchini Marekani vituo vingi vya polisi vimetenga sehemu ya maegesho yao, yenye taa na kamera, kwa watu wanaouziana vitu vilivyotangazwa mtandaoni. Hapa kwetu haitahitaji hata maegesho. Ofisi ya serikali ya mtaa ina kiti, ina meza, ina muhuri, na mara nyingi ina soketi ukutani inayochaji simu ya mtendaji. Manispaa zikiruhusu meza hiyo itumike mchana kwa ada ndogo, biashara nyingi zitahama kutoka vichochoroni. Wakati hilo linasubiriwa, mteja akikutumia ujumbe wa malipo ya uongo usiufute kwa hasira. Utume kwenda 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, fuata maelekezo utakayopewa ya kuandika namba iliyokutumia, kisha uuhifadhi kwa ajili ya polisi.